Mpwa Wangu Si Waya wa Kunyooshwa

Tuliondoka Makorora kabla jua halijapata nguvu, mimi na mpwa wangu wa kiume wa miaka tisa, na hakuna kati yetu aliyejua tunakwenda wapi. Mimi nimezoea. Tangu nilipoacha shule darasa la tano nimekuwa nikitoka hivyo: natazama barabara huku, natazama kule, nafuata upande wenye jambo nisilolijua. Mtoto hakuwahi kutoka nyumbani bila kuambiwa mwisho wa safari, akawa ananiuliza kila baada ya hatua kumi.

“Mjomba, tunakwenda kwa nani?”

“Bado hatujamjua.”

“Yeye anatujua?”

“Naye bado.”

Akacheka kidogo. Kilikuwa kicheko cha kwanza nilichokisikia kwake tangu nifike.

Begani alikuwa amejitupia kanga ya bibi yake. Kucha za mkono wa kushoto zilikuwa na hina, nyekundu na safi. Za mkono wa kulia alikuwa amezisugua kwa mchanga na kipande cha jiwe mpaka ngozi ya vidole ikachubuka. Hina haitoki kwa kusugua, hilo kila mtu wa pwani analijua, na yeye alilijua vizuri zaidi, maana alikuwa akijipaka mwenyewe tangu ana miaka sita. Lakini alisugua.

Mama yake ni mdogo wangu, anafanya kazi za ndani Muscat. Baba yake alifariki mtoto akiwa na miaka miwili. Kwa hiyo amelelewa na mama yangu, yaani bibi yake, katika nyumba ile ile niliyozaliwa mimi, na mimi huja pale kama mgeni, mara mbili au tatu kwa mwaka, na begi langu moja. Kila nikija namkuta amekua na bado anapenda vilevile: kanga, hina, asumini sikioni, kukaa uani na wanawake wakisukana. Siku nyingine hataki hata kimoja. Anavaa kaptula na kushinda na mpira mpaka giza linaingia. Kesho yake anarudi kwenye kanga. Bibi yake, ambaye kwa utani humwita mume wangu kama mabibi wote wanavyowaita wajukuu wao, alikuwa akisema, “Tazameni mume wangu, kanizidi hina. Nitaolewa na nani tena?” Nyumba nzima inacheka, na yeye anacheka kuliko wote.

Nje ya nyumba hawakucheka hivyo. Wiki ile kabla ya safari, alitumwa dukani kununua sukari, akaenda na kanga yake. Watoto wakubwa wa mtaa wakamwandama wakiimba bibi harusi, bibi harusi kaja, mmoja akamvua kanga na kuipeperusha juu kama bendera. Watu wazima walikuwa barazani wanacheza bao. Mmoja akasema, “Mwacheni huyo,” lakini alisema bila kuinua macho kutoka kwenye kete zake. Mtoto alirudi bila sukari, akaingia chini ya kitanda cha bibi yake. Siku tatu hakutoka uani.

Nataka niseme ukweli wangu hapa. Mwaka mmoja nyuma, sokoni, mimi mwenyewe nilimwambia, “Itoe hiyo asumini, watu wanatazama.” Aliitoa. Aliishika mkononi mpaka tukafika nyumbani, ikawa imenyauka kabisa. Sikuwa na sababu yoyote ya kumwambia vile zaidi ya macho ya watu ambao hata sikuwajua.

Habari za dukani zilimfikia baba yake mdogo, ndugu wa marehemu, ambaye ana familia yake Korogwe. Alipiga simu, akasema Jumamosi anakuja kumchukua mtoto, akae kwake moja kwa moja, akasome huko, akae na wanaume, anyooke. Na kwa desturi zetu ana haki ya kusema. Mtoto ni wa ukoo wa baba. Mimi nilikuwa nimefika siku moja tu kabla ya simu hiyo, na nilikuwa nimeshapanga kuondoka.

Alasiri ya simu ile nilimkuta mama yangu amekaa kwenye mkeka anachambua mchele, machozi yanadondokea ndani ya ungo.

“Mimi ndiye niliyemharibu,” akasema.

“Umemharibu nini, mama?”

“Nilimtoboa sikio. Nikamvisha gauni.”

Hadithi hiyo naijua. Mdogo wangu alizika watoto wawili kabla ya huyu. Kwa wazee wetu, mtoto wa kiume anayekuja baada ya vifo anafichwa macho ya watu: anatobolewa sikio moja, anavishwa gauni, anaitwa kwa majina ya kike, ili kile kilichowachukua wenzake kikipita kisimtambue. Mpwa wangu alivaa gauni mpaka alipotimiza miaka mitatu. Akaishi. Sasa baba yake mdogo alikuwa amesema kwenye simu kwamba ugonjwa uliingia hapo, kwenye gauni, na mama yangu alikuwa amelimeza neno lile zima zima.

“Basi alisema kweli,” mama akaendelea, “ingawa na wewe nilikufanyia hivyo hivyo, na wewe huna neno.”

Nilikuwa nakunywa chai. Nikaweka kikombe chini.

“Hivyo hivyo vipi?”

“Gauni. Nilizika wawili kabla yako, hujui? Ulivaa mpaka miaka minne. La maua ya manjano. Nikilifua unalia, unalisubiri kwenye kamba mpaka likauke.”

Mimi nina ndevu. Nimekata mkonge, nimechoma chokaa, nimelala chini ya malori, nimepigana mara mbili na kushindwa mara mbili. Miaka arobaini na zaidi nimeubeba uso wangu huu bila kujua kwamba niliwahi kulia kwa ajili ya gauni la maua ya manjano. Nilianza kucheka, na mama akanitazama kwa hasira, halafu naye akaanza, tukacheka mpaka ungo ukamponyoka na mchele ukamwagika.

“Sasa sikiliza, mama,” nikasema tukiuokota. “Tulivaa wote wawili. Mmoja katoka hivi, mmoja vile. Basi gauni halina kosa.”

“Halina?”

“Halina. Na wewe huna. Yeye ndivyo alivyo, na labda kesho atakuwa vingine, na labda hatakuwa. Bado anajitafuta. Tumwache ajitafute akiwa na watu wake.”

Nikaona mabega yake yanashuka kama mtu aliyetua ndoo. Kisha akasema, “Mchukue, umtembeze. Apumue kwanza. Mjomba ni mama mwenye ndevu.”

Tulimpigia mdogo wangu Muscat. Alisikiliza yote, kisha akasema kwa sauti ile ya chini anayotumia akiwa jikoni kwa matajiri wake: “Mwanangu si waya. Asinyooshwe na mtu. Lakini kaka, ukimchukua, usimwache njiani kama unavyoacha kila kitu chako.”

Nikampa salamu, nikakata simu.

Ndiyo maana asubuhi ile tulikuwa barabarani. Dereva mmoja ninayemfahamu alikuwa akirudi Pangani na Fuso tupu kupakia nazi, akatukaribisha mbele. Hatukuwa tumefika mbali alipoanza kuutazama mkono wa mtoto uliokuwa juu ya goti.

“Dogo, nani kakupaka hina?”

Mtoto akauficha mkono chini ya kanga. Nilitaka kujibu mimi, kisha nikakumbuka ile asumini ya sokoni, nikanyamaza ili nione kama atajibu mwenyewe. Hakujibu. Basi nikasema, “Anajipaka mwenyewe. Ukitaka atakupaka na wewe, lakini hizo kucha zako zioshwe kwanza.”

Dereva akazitazama kucha zake kwenye usukani, nyeusi kwa oili, akacheka. “Mke wangu ndiye atakayeshukuru,” akasema. “Siku ya harusi yangu nilipakwa nyayo na hiki kidole kidogo. Niliwaambia wasizidishe. Ilikaa wiki tatu, na mimi natembea na soksi.”

“Uliona aibu?” mtoto akauliza. Sauti yake ilitoka nyembamba.

“Aibu? Nilikuwa nazivua usiku niitazame.”

Pangani tulishuka, tukanunua chapati na chai, kisha tukashuka mpaka kwenye kivuko. Pale karibu na maji, chini ya turubai, kijana wa Kimasai alikuwa akimsuka mama mmoja mnene aliyekaa kwenye kigoda. Siku hizi pwani yote wako. Wanawake wengi wanasema hakuna msusi anayewafikia kwa mkono mwepesi. Lakini mpwa wangu alikuwa hajawahi kumwona mmoja akiwa kazini. Alisimama kama aliyepigwa msumari. Kijana mwenyewe alikuwa na nywele ndefu za kusuka zilizofika mgongoni, shanga shingoni na bangili mikono yote miwili.

“Wewe ni mwanamume?” mtoto akauliza.

Yule mama akaangua kicheko mpaka kichwa kikamtoka msusi mikononi.

“Tulia, mama, nitakusuka sikio,” msusi akamwambia, kisha akamgeukia mtoto. “Nina ng’ombe, nina wake wawili. Unataka nikuletee na cheti?”

“Na nywele?”

“Kwetu kijana wa kiume ndiye anayesuka. Wanawake wananyoa.”

“Wanawake wananyoa?”

“Kipara. Mama yangu kichwa chake kama yai. Siku ya kwanza nilipofika huku pwani nikaona wanawake wamesuka, nilicheka barabara nzima.”

Mtoto alinigeukia, macho yamemtoka, kama kwamba nilikuwa na habari hii siku zote na nikamnyima. Na kweli nilikuwa nayo. Katika kuzunguka kwangu hilo ndilo nililolikuta kila mahali: watu wa huku wanakicheka kile wanachokiheshimu watu wa kule. Ng’ambo ya mto huu huu niliwahi kufanya kazi ya mwani, kufunga miche kwenye kamba, kazi ya wanawake peke yao. Wiki ya kwanza waliniita shoga yetu mwenye ndevu. Wiki ya pili wakanifundisha fundo. Wiki ya tatu mume wa mmoja wao akaja kuuliza kwa siri kama kuna nafasi. Nilikuwa nayajua yote hayo, na sokoni bado nilimwambia mtoto aitoe asumini.

“Njoo ushike hapa,” msusi akamwambia, akimpa fungu la nyuzi za kusukia. “Unanipa tatu, tatu. Zikiwa nne tutagombana.”

Akawa anampa tatu, tatu. Kwa mkono wa kulia, ule wenye vidonda. Yule mama mnene alimtazama kwa kona ya jicho, akasema, “Mwanangu, una vidole vya kazi. Wanangu mimi ukiwapa uzi wanafunga mbuzi.”

Hapo ndipo simu yangu ilipolia. Baba mdogo. Nikasogea kando, lakini si mbali sana. Nilitaka mtoto asikie kwamba sijifichi.

“Shemeji, uko wapi na mtoto wetu?”

“Pangani. Tuko likizo.”

“Jumamosi nakuja.”

“Karibu sana. Bibi atakupikia. Mtoto hutamkuta.”

Akaanza kusema kwa ukali, habari za ukoo, habari za gauni na sikio. Nikamwacha amalize, kisha nikamweleza habari za gauni langu la maua ya manjano, nilivyolia nikilisubiri likauke kwenye kamba. Nikasikia amefunika simu kwa mkono. Nilijua anacheka, na alijua ninajua.

“Usinichekeshe,” akasema aliporudi. “Hili si la kucheka. Mimi simchukii yule mtoto. Uso wake ni wa kaka yangu. Naogopa watamuumiza.”

“Nami naogopa, shemeji. Ila wewe unataka kumtoa yeye mtaani. Mimi nataka kusimama naye pale pale, waone ana mtu.”

“Wewe?” Hakupandisha sauti, na ndiyo maana liliniingia. “Wewe umewahi kusimama wapi?”

Nikatazama mto. Kivuko kilikuwa kinakuja polepole na pikipiki zimejipanga mbele. Katika maisha yangu nimekodi vyumba kwa usiku mmoja, kwa siku tatu, mara moja kwa wiki. Nimeacha masanduku Handeni na mke Lushoto. Shemeji hakusema uongo.

“Bado,” nikasema. “Ndiyo naanza.”

“Haya. Nakupa mpaka shule zifunguliwe. Ukikaa naye, ukampeleka shule wewe, ukawakabili hao wahuni wewe, mimi nitanyamaza, na nitakuja kukusaidia. Ukipotea kama kawaida yako, nakuja kumchukua, na siku hiyo usinieleze habari za gauni.”

“Ni haki,” nikasema. Na ilikuwa haki.

Nilipogeuka, mtoto alikuwa ananitazama, nyuzi tatu mkononi.

“Atakuja kunichukua?”

“Nikikimbia.”

“Utakimbia?”

Mtoto huyu ananijua. Kila nilipoondoka Makorora alikuwa mlangoni. Nilichuchumaa ili tulingane. “Miguu itataka,” nikamwambia. “Itakapotaka nitakwambia. Na nitakaa.”

Akafikiri. “Nitakushika suruali,” akasema, akarudi kwa msusi.

Tulivuka na watu na mbuzi na magunia ya mahindi. Ng’ambo tulipata pikapu iliyobeba barafu kwenda kwa wanunuzi wa samaki, tukakaa nyuma juu ya turubai, makalio yakiganda na jua likitupiga kichwani. Mtoto aliimba njia nzima. Mara alijifunga kanga kiunoni, mara kichwani, mara akaifanya joho, kufuatana na wimbo. Pikapu iliishia Mkwaja, jua limeshalainika. Sikuwahi kulala Mkwaja. Nilikuwa nimepita tu, kama nilivyopita karibu kila mahali.

Dereva alipokuwa akishusha barafu aliniambia, “Kesho alfajiri naendelea kusini mpaka Bagamoyo. Njia ya mbugani, ndani ya Saadani. Kuna nafasi, na kuna kazi kule ukitaka.”

Njia ile sijawahi kuipita. Naijua kwa kuisikia tu: tembo karibu na bahari, makorongo, chumvi. Nilisikia miguu ikiwasha ndani ya viatu, kweli, kama mtu aliyekanyaga siafu. Mtoto alikuwa karibu yangu. Nilihisi suruali yangu imeshikwa, upande wa mfuko.

“Miguu imetaka,” nikamwambia mtoto.

“Nimejua,” akasema. Hakuachia.

“Nenda salama,” nikamwambia dereva. “Sisi tunakaa.”

Walituelekeza kwa mama mmoja mjane anayepangisha vyumba viwili nyuma ya nyumba yake. Tulimkuta anafagia uwanja. Tukampa shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua mgongo, kisha akauinua, akatutazama: mimi na begi langu, mtoto na kanga yake kichwani, hina upande mmoja.

“Huyu ni mjukuu wa kike au wa kiume?”

Nilifungua mdomo, nikaufunga.

“Wa kiume,” mtoto akasema mwenyewe. “Napenda kanga.”

Yule mama alimtazama muda, akanitazama mimi kuona nitasema nini. Nilimtazama tu, nikaitikia kwa kichwa kuonyesha ndivyo, kama mtu anayeulizwa kama jua limechwa.

“Mimi napenda ugoro,” akasema hatimaye, “na watoto wangu wanasema unanuka. Haya. Chumba kimoja kina kitanda, kingine kina popo. Siku ngapi?”

Swali hilo nimeulizwa na wenye nyumba pwani nzima, na kila mara nimejibu kesho asubuhi.

“Likizo yote,” nikasema. “Shule zikikaribia kufunguliwa tunarudi kwetu Makorora, mimi na yeye. Nitakuwa nampeleka shule.”

“Basi chukueni chenye kitanda.” Akampa mtoto ufagio. “Mwenye kanga, kafagie humo ndani kwanza. Na wewe mzee, vua hivyo viatu, vimeshatembea vya kutosha. Kisima kiko kule.”

Mtoto akaachia suruali yangu, akaingia ndani na ufagio. Nikakaa kizingitini kufungua kamba za viatu, na ndani nikamsikia akisogeza kitanda, akikivuta kuelekea dirishani, akiguna kwa uzito wake, bila kuniita nimsaidie.